Gari la Pili Ndilo Gumu

Septemba 2023, huko Dübendorf karibu na jiji la Zurich, wanafunzi wa Uswisi walileta kijigari cha umeme chenye uzito wa kilo 140 hivi, dereva akajifunga mikanda, taa ikawaka. Kabla hujamaliza kutamka "Kondele", jina la mtaa wetu hapa Kisumu, gari lilikuwa limefikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Saa ilisoma sekunde 0.956, na umbali uliotumika ulikuwa mita 12.3, ambao hauzidi matatu tatu zilizopangwa foleni stejini. Rekodi ya dunia ikawa yao.

Video ya tukio hilo ilitazamwa kila mahali kwa sababu ya ile sekunde. Mimi nilivutiwa na mwaka 2006, ambao haukutajwa sana. Huo ndio mwaka kilipoanzishwa chama cha wanafunzi kilichounda gari hilo, AMZ. Tangu hapo wameunda gari jipya kila mwaka, na kuanzia 2010 magari yao yamekuwa ya umeme. Walioanzisha chama walishamaliza masomo zamani, wengine bila shaka wana watoto wanaokaribia kuingia chuo. Rekodi iliwekwa na watu waliorithi daftari za watu waliorithi daftari.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua vizuri gari la kwanza. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata liwe na sura mbaya, hata liwe la mwendo wa pole. Wakaunda. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer lilizinduliwa kwa shangwe. Magari matano ya majaribio yalikuwa yametengenezwa, yakaweza kukimbia kilomita 120 kwa saa, na kwa waliosema Mwafrika hawezi, jibu likawa limepatikana. Ikaundwa Nyayo Motor Corporation ili magari hayo yatengenezwe kwa wingi. Fedha hazikuonekana. Kampuni ikapewa jina jipya, Numerical Machining Complex, ikaendelea na kazi ya kuchonga vipuri vya chuma. Hakuna Mkenya aliyewahi kununua Pioneer.

Ng'ambo ya ziwa letu la Viktoria, nchini Uganda, hadithi ilikwenda mbali zaidi. Wanafunzi na wahadhiri wa Makerere walishiriki katika mradi wa kimataifa ulioongozwa na wanafunzi wa MIT ya Marekani, Vehicle Design Summit, uliozaa gari la Vision 200 lililoonyeshwa Turin, Italia, mwaka 2008. Waliporudi Kampala wakaona kwamba walichofanya kule kinaweza kufanyika nyumbani. Tarehe 1 Novemba 2011, chini ya uongozi wa Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa, gari dogo la kijani la watu wawili liliendeshwa kwenye barabara za chuo. Waliliita Kiira EV. Lilitumia betri za lithiamu na liliweza kwenda hadi kilomita 80 kabla ya kuhitaji chaji. Mwaka 2014 likafuata Kiira EV SMACK, la mseto wa umeme na petroli, na mwaka 2016 basi la Kayoola lenye paneli za sola juu ya paa. Leo Kiira Motors ni shirika la serikali, na kiwanda chake kiko Jinja, pale Nile inapoliaga ziwa.

Kwa hiyo Waganda walitupita: waliunda la pili na la tatu. Hata hivyo mradi wao ulihama kutoka darasani ukaingia serikalini, ukawa wa kutafuta soko, na hilo ni jambo jema ambalo lina njia yake. Ninalolitaka kwa Kisumu ni dogo zaidi na, kwa maoni yangu, ni gumu zaidi: gari la mashindano la umeme linaloundwa na wanafunzi, linalovunjwa, na linaloundwa upya na wanafunzi wengine mwaka unaofuata, bila rais kuja kukata utepe.

Mashindano yenyewe yapo tayari na yana kanuni zake. Yalianzia Marekani mwaka 1981 kwa jina la Formula SAE, yakafika Uingereza mwaka 1998 yakaitwa Formula Student, na mwaka 2010 Wajerumani wakafungua kundi la magari ya umeme. Gari ni la mtu mmoja, magurudumu yako nje, nguvu ya umeme haipaswi kuzidi kilowati 80 na volti hazipaswi kupita 600. Alama zote ni 1000. Mgeni akisikia neno mbio anadhani alama hizo zinatoka barabarani tu. La. Zaidi ya 300 hutolewa gari likiwa limesimama tuli, kwenye meza: mpango wa biashara alama 75, hesabu ya gharama alama 100, na utetezi wa usanifu alama 150.

Meza hiyo ya usanifu ndiyo inayowatoa watu jasho. Mwamuzi, mara nyingi mhandisi aliyeacha kazi yake kiwandani kwa wikendi moja, huinama, hugusa boliti iliyoshika mkono wa gurudumu, kisha humwuliza binti wa mwaka wa pili: kwa nini hii ni ya milimita 8 na si 6? Jibu la kweli katika miji yetu mara nyingi ni kwamba ndiyo iliyokuwepo dukani. Wala si jibu baya, ukiwa na karatasi inayoonyesha kuwa ulipiga hesabu ya mzigo, ukaona ya 6 ingetosha kwa shida, ukachukua ya 8 ukijua umeongeza gramu kadhaa. Bila karatasi hiyo, boliti imejichagua yenyewe, na alama zinakwenda.

Kisha kuna ukaguzi. Gari huinamishwa kwenye meza ya chuma hadi nyuzi 60 kuona kama litapinduka au kuvuja. Dereva lazima aweze kutoka ndani ya sekunde tano akiwa amevaa kofia ngumu na glavu. Nyaya za umeme mkubwa lazima ziwe na ganda la rangi ya chungwa ili mtu asizishike kwa kutojua. Halafu gari, likiwa limewashwa umeme wake mkubwa, hunyunyiziwa maji kwa sekunde 120, likaachwa sekunde 120 nyingine. Muda wote huo kifaa kidogo ndani yake kinapima kama umeme unavujia kwenye fremu. Kikihisi uvujaji, saketi yote hukatika, na timu inarudi gerejini usiku kutafuta tundu lililopitisha tone. Nimewaza mara nyingi kwamba mtihani huo Kisumu ungefanyika bure. Anayeijua mvua ya ziwani, inayokuja jioni ikitokea upande wa ghuba bila kubisha hodi, anajua hakuna mpira wa kunyunyizia maji unaoweza kushindana nayo.

Wanaopita ukaguzi huingia barabarani. Kuna kuchomoka kwa mita 75, kuna kuzunguka duara mbili zenye umbo la nane, kuna mzunguko mmoja wa kasi. Mwisho huja mbio za ustahimilivu, kilomita 22 hivi, madereva wawili wakipokezana katikati. Kilomita 22 ni kutoka katikati ya mji kuelekea Ahero bila kufika Ahero. Boda boda huenda na kurudi mara kadhaa kwa siku na mwenye nayo haoni kama amefanya ajabu. Lakini hapo ndipo magari mengi ya wanafunzi hufia, na hapo ndipo penye alama nyingi kuliko pengine popote. Hufia kwa sababu ya waya uliolegea, ya skrubu iliyosahauliwa, ya seli moja iliyopata joto kuliko wenzake.

Hilo la seli linastahili kuelezwa, kwa kuwa ndilo linaloleta habari hii kwenye ufuo wetu. Betri ya gari la namna hii kwa kawaida hubeba nishati ya kilowati-saa sita au saba. Betri ya pikipiki ya umeme ya Roam Air, inayotengenezwa Nairobi, hubeba kilowati-saa 3.24. Yaani kwa nishati peke yake, betri mbili za boda boda zinakaribia betri ya gari la mashindano. Tofauti iko kwenye kasi ya kuitoa. Boda hutoa nishati yake kidogo kidogo kutwa nzima. Gari la mbio hutaka kuimwaga kwa pupa likitoka kwenye kona, likaipumzisha kidogo, likaimwaga tena. Kilowati 80 kwa volti 400 ni ampea 200. Ukipitisha mkondo huo kwenye kiungo kilichobanwa ovyo, kiungo kinachemka. Kanuni zinasema seli yoyote isipite nyuzi joto 60, na ikipita, mtambo wa kuchunga betri unalizima gari papo hapo. Sasa hesabu mwenyewe: Zurich ya masika unaanza ukiwa na nyuzi 15. Kisumu saa nane mchana unaanza ukiwa na 30. Theluthi ya nafasi aliyo nayo wa Zurich imeshaliwa na jua kabla gari halijasogea. Kijana aliyejifunza kupoza betri katika joto la Kisumu amejifunza jambo ambalo wengi wa wenzake wa Ulaya hawalazimiki kulikabili kila siku.

Na betri si kitu kigeni hapa. Wavuvi wa omena huvua usiku wa giza, wakitumia mwanga kuwavuta samaki hao wadogo hadi wavuni. Kwa miaka mingi mwanga huo ulitoka kwenye karabai, na gharama ya mafuta ya taa ilikula sehemu kubwa ya alichopata mvuvi. Mwaka 2008 kituo cha kuchaji taa kwa sola kilifunguliwa Mbita, baadaye vikaja vingine, na kampuni ya WeTu iliyotokana na mradi wa Siemens Stiftung ikaendeleza kazi hiyo ya kukodisha taa na betri kando ya ziwa, pamoja na vyombo vya usafiri vya umeme. Mashua za injini za umeme nazo zimeanza kuonekana upande wa Homa Bay. Mwaka 2021, shirika la UNEP lilipoanza majaribio ya pikipiki za umeme nchini, Kaunti ya Kisumu ilikuwa miongoni mwa washirika. Hivyo kuna mafundi ufuoni, wengi wao bila shahada yoyote, ambao wamefungua betri za lithiamu, wakapima seli moja moja kwa mita, wakatenga zilizochoka, wakaunga zilizobaki. Wanajua harufu ya seli inayotaka kuharibika. Mhadhiri anaweza kufundisha fomula ya jambo hilo. Harufu yenyewe wanaijua wao.

Vilevile kuna chuma. Kisumu ni mji uliozaliwa kwa kuunganisha vitu vilivyokuja vipande vipande. Meli ya William Mackinnon ilitengenezwa Uskoti, ikafunguliwa, sehemu zake zikaletwa kwa reli hadi pale reli ilipokuwa imefikia, kisha kwa vichwa vya wapagazi. Ikaunganishwa hapa na kuingia majini mwaka 1900, kabla ya garimoshi lenyewe kufika ziwani mwezi Desemba 1901. Karne moja na ushei baadaye, MV Uhuru II iliundwa katika chelezo cha mji huu huu. Kati ya meli hizo mbili kuna maelfu ya karia za baiskeli, mageti, mikokoteni na mabodi ya tuktuk yaliyochomelewa kando ya barabara.

Simama dakika chache mbele ya kibanda cha fundi karibu na soko la Kibuye. Anakata paipu mbili zikutane kwa pembe. Ncha ya moja anaichonga kwa grainda iwe na mbonyeo, anaijaribisha, anaichonga tena, mpaka inakaa juu ya mgongo wa mwenzake bila mwanga kupenya. Anaishika kwa nukta moja ya moto, anaangalia kwa jicho moja kama imesimama wima, anaigonga kidogo kwa nyundo, ndipo anaizungushia moto wote. Ikipoa, anaibandua gome jeusi na kuutazama mshono. Hivyo ndivyo fremu ya gari la mashindano inavyounganishwa, tofauti ikiwa vipimo na karatasi. Paipu inayouzwa zaidi kwa mageti ni ya geji 16, unene wa milimita 1.6 hivi. Tao kuu linalomlinda dereva kichwani linahitaji paipu nene zaidi, kwa kawaida milimita 2.5 hivi, na cheti kinachoonyesha chuma hicho ni cha aina gani. Fundi anaweza kuzichomelea zote mbili. Kupata cheti ndiyo kazi ya mwanafunzi.

Nani aunde, basi? Kisumu National Polytechnic ina karakana za magari, umeme na kuchomelea. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kinafundisha uhandisi wa mitambo na wa umeme. Maseno, pale ikweta inapokatiza barabara ya Busia, ina vijana wa biashara wanaoweza kuandika ule mpango wa alama 75 ambao wahandisi huudharau mpaka siku ya matokeo. Chuo cha Jaramogi Oginga Odinga kiko Bondo, karibu na wavuvi wenyewe. Sioni chuo kimoja kati ya hivi kikiweza jambo hili peke yake, wala sioni kwa nini kijaribu peke yake.

Kikwazo kikubwa, nikiulizwa, ni mazoea yetu ya mradi wa mwaka wa mwisho. Uhandisi Kenya ni miaka mitano. Mwanafunzi hukaa miaka minne akisikiliza, mwaka wa tano hupewa mwenzake mmoja, wakaunda kitu, wakakipigia picha, wakapewa alama, na kitu kikawekwa kabatini. Mwaka unaofuata wawili wengine huanza upya, pengine kitu kile kile, bila kujua kabati lina nini. Kila mradi ni Pioneer ndogo. Timu ya mashindano haiwezi kuishi hivyo. Kanuni za Formula Student zinasema gari likishindana kwa mara ya kwanza lina miezi 12 tu ya kuendelea kushindana. Baada ya hapo fremu mpya inatakiwa. Kanuni hiyo inaonekana kama ukatili kwa chuo maskini. Kwangu ndiyo yenye akili kuliko zote, maana inamlazimisha anayejua kumfundisha asiyejua kabla hajahitimu. Anayeingia timu akiwa mwaka wa pili anaweza kuunda magari manne kabla ya kuvaa joho. La kwanza atashika tochi. La pili atakaza boliti. La tatu atachora. La nne atawafokea wenzake.

Mgomo wa wahadhiri ukitangazwa katikati ya muhula, kama ilivyotokea si mara moja nchini, masomo husimama na karakana hufungwa. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka sehemu ya kazi ifanyike nje ya lango la chuo, kwa fundi, ambako hakuna mgomo.

Fedha nazo ni tatizo, ingawa si la namna inayodhaniwa. Betri za lithiamu husafirishwa kama shehena hatari, hivyo ndege nyingi hazizitaki na meli huchukua muda wake. Sheria ya Fedha ya 2023 iliziwekea VAT ya asilimia sifuri, hatua iliyosaidia. Tiketi za kupeleka timu na gari Ulaya ndizo zingemaliza bajeti ya idara nzima, na ndizo zingeleta tena mambo ya utepe na picha na waziri. Ndiyo maana nashauri wasiende. Angalau si mwanzoni. Kuna aibu fulani katika kukumbuka kwamba kampuni ya Opibus, iliyoanza mwaka 2017 na leo inaitwa Roam, ilitokana na utafiti wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden. Wao walisafiri kuja Kenya kutafuta tatizo la kutatua, sisi tunawaza kusafiri kwenda kwao kutafuta kombe.

Na mbio hatukuzikosa. Kericho, mwendo wa saa moja na nusu au mbili kutoka hapa, ndiko alikozaliwa Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Wazee wa mji wangali wanawasimulia wajukuu juu ya magari hayo na matope yake.

Mwaka wa kwanza, basi, uwe wa gari la betri mbili za boda, mota ya bei ya boda, volti chache zisizoua mtu, fremu ya mafundi wa Kibuye yenye tao la milimita 2.5. Kanuni zitumike zile zile za karatasi, za kuinamisha, za maji na za sekunde tano. Uwanja hauhitaji kujengwa: lami tupu, koni za plastiki, Jumapili asubuhi kabla jua halijakaza. Kakamega walete lao, Bondo lao, Kisumu lao. Na Makerere waalikwe, kwa kuwa wametangulia na kwa kuwa kushindana na aliyekutangulia ndiyo raha yenyewe.

Wao watapitia Busia, kwenye kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2018, ambako lori hupita kwa upesi kuliko zamani mradi karatasi zimekamilika. Gari lao litakuwa juu ya trela, halina nambari ya usajili, halina milango, halina taa za mbele. Ofisa wa forodha atalizunguka, ataichungulia betri, atafungua fomu yake, na sehemu ya kwanza ya kujazwa itakuwa nambari ya injini.